Watu Tisa Wasiokula

Siku ile benki, pale Nakasero, nilikaa nyuma ya mwajiri wangu na mkewe, faili la kampuni mapajani, nikitarajia shughuli ya dakika kumi. Mwajiri wangu ni sajini meja mstaafu kutoka kaskazini, na kila mtu humwita Afande, hata mkewe. Alipotoka jeshini alifungua kampuni ndogo ya ujenzi: kuta za uzio, nyumba za walimu, majengo ya wapangaji. Mimi ni mhasibu wake, Mkenya niliyekuja Kampala kwa mkataba wa miezi sita nikasahau kurudi, na sasa ni mwaka wa nne. Tulikuwa tunaomba mkopo wa kumalizia jengo moja la ghorofa upande wa Mulago, na dhamana ilikuwa nyumba yao wenyewe, ile waliyoijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa askari.

Sheria inataka mke akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Afande alikuwa ameshasaini. Afisa wa benki, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alimsogezea mke wa Afande, ambaye sote humwita Mama, karatasi na kalamu, akamuuliza swali ambalo bila shaka huwauliza wote.

"Nnyabo, umeelewa yote?"

"Sijaelewa," akasema Mama.

Afande akacheka kidogo. "Ameelewa. Yeye ana aibu tu."

"Sina aibu. Hii nyumba ikienda, mimi naenda wapi? Hiyo hakuna mtu ameniambia."

Afisa akaivuta karatasi yake taratibu. Alisema hawezi kupokea saini ya mtu asiyeelewa, turudi Ijumaa ya wiki ijayo baada ya kumweleza. Afande alitoka nje amekunja uso. Pale kwenye ngazi, katikati ya kelele za boda boda, akanigeukia.

"Karani, wewe utasomesha huyu mama. Una wiki moja. Aelewe, halafu asaini."

Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi ni mhasibu, si karani. Yeye husema jeshini wote wanaoshika kalamu ni makarani. Siku hiyo sikubishana. Moyoni niliona ni kazi ya asubuhi moja: nimweleze Mama maneno manne matano, asaini, tununue nondo.

Lazima nieleze tulivyofika huko, kwa sababu lilikuwa kosa la Afande, na nadhani ni askari tu anayeweza kulifanya. Tulipopata kazi ya Mulago, mwenye jengo alitulipa sehemu ya pesa kabla hatujachimba msingi. Hiyo ndiyo advansi. Advansi si zawadi. Ni malipo ya kazi ambayo bado hujaifanya, na kila mhandisi anapokuja kupima ulichojenga na kukuandikia cheti cha malipo, anakata kipande cha ile advansi, mpaka irudi yote. Nilimweleza Afande haya siku pesa ilipoingia, akaitikia kwa kichwa. Kisha akawalipa mafundi mshahara wa mwezi mzima mbele, akawanunulia buti mpya, akachinja ng'ombe, akatengeneza injini ya pikapu, na yote hayo kwa siku nne. Kwake yeye, kinachogawiwa mwanzoni mwa safari ni posho, na posho huliwa ili mtu apate nguvu ya kutembea.

"Posho nani anarudisha?" aliniuliza cheti cha kwanza kilipokuja kimekatwa. "Wewe umeshaona askari anatapika posho?"

Aliamini tumeibiwa. Alivaa koti lake la heshima akaenda kwa mhandisi kudai haki, akarudi kimya, maana mhandisi alimwonyesha saini yake mwenyewe kwenye mkataba. Cheti cha pili kikaja kimekatwa, na cha tatu. Kufikia hapo hatukuwa na pesa ya nondo wala saruji ya sakafu ya juu, na ndipo likaja wazo la mkopo.

Basi Jumatatu nikaenda saiti kumfundisha Mama. Yeye ndiye anayepika chakula cha mchana cha mafundi, kwa sababu Afande haamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi bila kulishwa na anayemtuma. Kampuni hununua unga na maharage, yeye hupika chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Ni Mwislamu, mtoto wa koplo wa polisi, amezaliwa kambini na kukulia kambini. Mumewe ni Mkatoliki. Nyumbani kwao Idi na Krismasi zote huchinjwa kuku, na mimi hualikwa kote kuwili. Alinipa kigoda, nikaweka kompyuta yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza na advansi.

Sikufika mbali. Mama ana vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, na alinikatiza katikati ya sentensi.

"Kumbe ni kodi ya miezi tatu. Mpangaji analipa yote mbele, mimi nakula. Mwezi ya pili nikimgongea mlango tena, mwizi ni mimi."

Nikaufunga ukurasa wa advansi. Mumewe nilikuwa nimemchorea michoro, nikampigia mahesabu, nikamnukulia kifungu cha mkataba, na hakuelewa hata chembe. Nikasonga mbele kwenye ritensheni. Nikamweleza kwamba mwenye jengo hushikilia sehemu nyingine ya pesa yetu kwenye kila cheti, na huiachia jengo likishakaa miezi kadhaa bila nyufa wala kuvuja.

"Ile pesa mpangaji anaacha kwa sababu ya kioo," akasema, huku akichambua maharage. "Akivunja kioo, nakata. Asipovunja, namrudishia. Sasa hapa sisi ndio mpangaji?"

"Hapa sisi ndio mpangaji, Mama. Lakini kwenye vitabu vyangu naihesabu kama mali yetu."

"Wewe usihesabu sana. Mimi siihesabu mpaka niingie nione choo imebaki namna gani."

Nilicheka, lakini nilirudi ofisini Namuwongo nikalitazama lile fungu la ritensheni kwa jicho jingine. Nilikuwa nimeliandika lote kana kwamba limo mfukoni, bila kutenga hata shilingi ya kuziba nyufa. Wanasema kuuliza si ujinga. Hawajasema kuulizwa kunaweza kukuaibisha kiasi gani.

Tofauti ya faida na pesa taslimu ilituchukua Jumanne nzima. Hapo Mama alinisumbua kweli, na mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Kila nikimwambia kampuni inaweza kuwa na faida na isiwe na pesa, ananiuliza: kama kuna faida, iko wapi? Nilimwambia iko kwenye kuta. Iko kwenye rundo la mchanga lile pale. Iko kwenye cheti ambacho mhandisi ameandika na mwenye jengo hajalipa. Aliugeukia mchanga akautazama kwa muda mrefu.

"Mchanga haununui chumvi," akasema.

"Ndiyo maana tunakwenda benki, Mama."

Alifikiri. Akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama usoni, na ndipo akauliza swali ambalo mimi, msomi, nilipaswa kulijibu kabla ya kumpeleka mtu yeyote benki.

"Sasa hii jengo yenyewe. Inaleta faida ama inakula?"

"Inakula," nikasema.

"Nani anakula?"

Nilifurahi, maana jibu nililijua. Nikamfungulia ukurasa. Nikamweleza kwamba gharama ziko za namna mbili: zile za jengo lenyewe, kama saruji, nondo na mafundi, na zile za kuendesha kampuni, kama kodi ya ofisi na mshahara wangu, ambazo zingekuwepo hata tusingejenga kitu. Saruji ilikuwa ndani ya makisio. Nondo zilipita kidogo. Kilichokuwa kinatumaliza ni mishahara ya ujenzi, ambayo kila mwezi ilivuka makisio yangu kwa kiasi kilekile.

"Watu thelathini na mmoja ni wengi kwa jengo hili," nikasema.

"Thelathini na moja wa wapi?"

"Wa hapa. Mafundi na vibarua."

"Mwanangu, mimi napikia watu ishirini na mbili."

Nikamwambia labda wengine huja na chakula chao. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Bambi. Chakula iko ya bure, mtu abebe ya kwake?"

Akaingia ndani ya kile kibanda, akatoa daftari la shule lenye madoa ya mafuta. Ni mimi niliyemlazimisha kuwa nalo. Nilipoanza kazi niligoma kulipia unga bila maandishi, nikamwambia kila sahani inayotoka aichoree mstari. Alikuwa amefanya hivyo kila siku ya kazi, kwa uaminifu, na mimi sikuwahi kulifungua, nilikuwa nachukua risiti za dukani tu. Mistari ishirini na miwili. Ishirini na mmoja. Ishirini na miwili. Siku ya mvua kubwa, kumi na minane. Hakuna siku hata moja iliyofika ishirini na tano.

Damu ilinipanda kichwani. Katika kazi hii nimeshakutana na wafanyakazi hewa: nyapara anaongeza majina, mishahara inatoka, anaila na shemeji yake. Nyapara wetu ni koplo mstaafu, rafiki wa Afande, mcheshi sana, na palepale nikaamua kwamba ucheshi wake ulikuwa wa mwizi. Sikumsalimia nilipotoka. Na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe. Majina yale thelathini na moja niliyakuta kwenye orodha nilipoajiriwa, nikawa nayanakili kila mwezi, na kila mwisho wa mwezi nawatumia mshahara kwenye simu kwa vidole vyangu hivi. Sikuwahi kupanda saiti na kulinganisha majina na nyuso. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wa kale. Yetu ilikuwa inapotea daftari likiwa wazi mbele ya macho yangu.

Kesho yake nilirudi na orodha iliyochapishwa. Nilimwambia Mama nitamsomea jina moja moja, naye aniambie nani anakula na nani hali. Alikuwa anasonga posho, kama wanavyouita ugali huku, kwenye sufuria kubwa na hakuacha kusonga. Jina la kwanza: yuko, huyo hupenda ukoko. La pili: yuko. La tatu: yuko, na ana deni langu la chai. Tulikuwa tunacheka. Nikasoma la saba, na mwiko ukasimama.

"Huyo alikufa," akasema.

"Lini?"

"Zamani. Binti yetu ya kwanza alikuwa bado ananyonya."

Nikaweka alama. Nikawaza: tumempata nyapara, anatumia majina ya marehemu. Nikaendelea kusoma. Wawili walio hai. Kisha jina jingine, na Mama akasema huyo pia, walikufa siku moja. Nikaendelea, sasa kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini. Alikuwa anawajua wote. Huyu alikuwa jirani yao kambini, mlango kwa mlango. Huyu alikuwa fundi cherehani, aliwashonea wake wa askari sare za watoto. Majina manane ya waliokufa. Nilipofika la tisa, ambalo lilikuwa karibu na mwisho wa ukurasa, hakusema kwamba amekufa.

"Huyo ni ndugu yangu," akasema. "Tumbo moja. Ndiye alinijulisha kwa Afande."

Posho ilikuwa inaungua. Niliinuka nikaiepua mimi. Mama akafuta mikono, akachukua simu yake, akaniomba nimsomee namba inayopokea mshahara wa jina lile. Nikasoma. Tarakimu za mwisho hazikuwa zimetoka kinywani mwangu alipogeuza simu na kunionyesha. Ilikuwa namba ya wifi yake, mjane wa ndugu yake, anayeishi kaskazini.

"Yeye huniambia ni pesa ya serikali," akasema. "Mimi nimeambia watu wote. Msikitini, sokoni, kote. Nimesema, serikali haijasahau ndugu yangu."

Hasira yangu ilibaki haina pa kwenda. Nilimwonea Mama huruma, nikajionea aibu kwa ajili ya nyapara, na nikaogopa, kwa sababu siku ya benki ilikuwa keshokutwa na sasa nilijua nyumba ile ilikuwa inakwenda kuwekwa rehani kwa ajili ya nini hasa.

Afande alifika saa saba kama kawaida. Mama alimpakulia kwanza. Akamwacha ale mpaka amalize, akamletea maji anawe, na ndipo akaweka ile orodha mbele yake, majina tisa yakiwa na alama zangu za kalamu nyekundu.

Aliitazama. Hakuuliza ni nini.

"Nani ametoa hii?"

"Mimi, Afande," nikasema.

"Basi umefanya kazi yako."

Mafundi walikuwa wanacheka upande wa pili wa ukuta. Kisha akaeleza, na hakumtazama yeyote kati yetu. Yeye ndiye aliyekuwa anashika orodha ya kikosi. Kila asubuhi anasoma jina, mtu anaitika, anasoma linalofuata. Siku moja walitoka kwenda kupigana, na asubuhi iliyofuata watu tisa hawakuitika. Aliyasoma majina yao hata hivyo, na siku iliyofuata pia.

"Jina inatoka kwa orodha kwa amri," akasema. "Mimi nilingoja amri. Mpaka nastaafu, amri haikunifikia. Nikiwa nafungua kampuni, orodha ilikuwa ile ile. Wenye wako hai walikuja, wakashika mwiko ya kujenga. Wenye wamekufa, mimi sikuwatoa. Bibi zao wanapata mshahara ya fundi, kwa sababu bwana zao wangekuwa mafundi. Hiyo ni makosa?"

Ningekuwa mtu mwenye busara ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimebeba vitabu vile kwa miaka minne, na uhasibu ukiumizwa huumiza. Nikamwambia kwamba kuwasaidia si kosa, kosa ni kuwaandika mafundi. Kwa kuwaandika hivyo amewaingiza kwenye gharama ya jengo. Kila mara ninapopiga bei ya zabuni mpya, naanzia kwenye mishahara ya jengo lililopita, na watu tisa wamo ndani. Ndiyo maana wenzetu hutushinda kwa bei. Na tunapoogopa kushindwa tunabana bei, halafu jengo linakula. Pesa anayoitoa mwenye kampuni kwa mambo ya nyumbani kwake ina jina lake kwenye vitabu, inaitwa matumizi ya mwenye kampuni. Ni haki yake. Lakini iandikwe kwa jina hilo, ili aione na ajue inatoka wapi.

"Afande, sadaka ni yako," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Jengo halitoi sadaka."

Akasimama. "Karani, unataka mimi nifukuze wajane?"

"Hajasema hivyo," akasema Mama. "Kaa."

Akakaa. Sijawahi kumwona akitii upesi namna ile.

"Umenificha," Mama akasema. "Hata ya ndugu yangu umenificha. Hiyo tutaongea nyumbani, sisi wawili. Sasa tuongee ya hapa. Kesho kutwa mnataka nisaini. Nikisaini, pesa ya benki itanunua simenti, na ingine itaenda kwa hao tisa, kwa sababu wewe huwezi kuacha. Jengo itaisha, faida haitakuwako, benki itakuja kwa nyumba. Halafu hao tisa watakula wapi? Na mimi nitakuwa wa kumi."

Afande aliivuta ile orodha karibu yake.

"Mimi sitasaini," akasema Mama. "Vyumba viwili vya nyuma, kodi yake ni yangu, wewe mwenyewe ulinipa. Hiyo kodi itaenda kwao. Haitatosha mshahara ya fundi. Watapata kidogo, lakini itakuwa ya kwetu na hakuna mtu ataiuza kwa mnada. Kwa hii jengo, watoke."

"Amri sina," Afande akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyumba ni ya nani?"

"Yangu na yako."

"Basi mimi natoa. Simama usome."

Sikuamini kwamba atasimama. Alisimama. Alivuta shati lake likanyooka, akashika ile karatasi kwa mikono miwili, na akaanza kusoma yale majina yenye alama kwa sauti ya paredi, mpaka mafundi upande wa pili wakaacha kucheka. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kama aliyezoea kungoja mtu aitike. Na kila alipongoja, Mama alijibu.

"Nyumbani," alisema. Kisha akanigeukia. "Andika."

Nikaandika. Nililifuta jina upande wa mafundi, nikaliingiza upande wa matumizi ya mwenye kampuni, na mbele yake nikaweka neno lile alilolisema. Tulikwenda hivyo mara nane. La tisa Afande hakuliweza. Aliishusha karatasi. Mama akainuka, akasimama kando yake, akalisoma yeye mwenyewe jina la ndugu yake, jina la baba na jina la babu, yote matatu. Akaitika mwenyewe.

Ijumaa ile hatukwenda benki. Nilikwenda mimi peke yangu kwa mhandisi, na hesabu mpya mkononi, nikamwomba amshawishi mwenye jengo aikate advansi polepole, igawanywe kwenye vyeti vingi zaidi badala ya vichache. Nilimwonyesha kwamba jengo linaweza kujimaliza likipewa nafasi ya kupumua. Ilichukua wiki mbili na safari nne. Mwenye jengo akakubali, kwa sharti kwamba tumalize kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na tukaendelea kwa mwendo wa kinyonga, tukinunua nondo kwa mafungu. Nyapara nilimwomba radhi kwa kosa ambalo hakujua nimemkosea. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua.

Mama aliwapigia simu wajane wote tisa mwenyewe. Alikaa kwenye kile kigoda asubuhi nzima, akiwaeleza kwamba pesa sasa itatoka kwake na itakuwa chini ya nusu, na kwa nini. Wifi yake alikuwa wa mwisho, na hapo aliongea kwa lugha nisiyoijua na kwa muda mrefu. Mmoja wao alimwambia kwamba watoto wake wameshamaliza shule na wameajiriwa, kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akitaka kumwambia mtu aache kumtumia, ila hakujua amwambie nani. Mwingine alikata simu. Mama alimpigia tena siku ya pili.

Mwisho wa mwezi uliofuata nilifunga hesabu za jengo la Mulago, na kwa mara ya kwanza likaonyesha faida. Ilikuwa ndogo, ya kununua labda lori mbili za mchanga, lakini ilikuwa faida halali, ritensheni nimeipunguza, nyufa nimezitengea fungu. Nilichapisha ukurasa ule nikampelekea Afande mezani kwake, na sitaficha kwamba nilijisikia fahari. Akavaa miwani, akashuka nao mstari kwa mstari, kidole kikasimama chini kabisa.

"Karani, hii ndiyo ile faida?"

"Ndiyo hiyo, Afande."

"Haikuwa hapa mwezi yenye imepita."

"Haikuwepo."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza tena kwamba bado si pesa taslimu, kwamba imo kwenye kuta na kwenye cheti ambacho hakijalipwa. Hakuuliza hayo. Kidole chake kilibaki palepale juu ya ile namba.

"Hii si faida," akasema. "Hii ni watu wangu tisa."

Jibu la kitaaluma nilikuwa nalo, na lilikuwa sahihi. Sikulitoa. Nilimwachia ukurasa wake, nikashuka ngazi mpaka mbele ya duka la vifaa lililo chini ya ofisi yetu, nikasimama katikati ya mabomba na mifuko ya saruji, nikawalilia watu ambao kwa miaka minne nilikuwa nimewalipa kila mwisho wa mwezi bila kuwajua.